Punguza Kidogo Tena

Jumatatu, 3 Machi

Mama anarudi Jumamosi kutoka kwa shangazi. Nina siku tano za kuifufua mandolini ya marehemu Baba. Miaka minne imetundikwa sebuleni, uso wake wa mbao umebonyea na kupasuka, kwa sababu paka aliirukia kutoka juu ya kabati. Ndivyo nilivyomwambia Mama. Ukweli (shajara haina mdomo): niliikalia. Paka akahamishiwa kwa watu wengine. Mimi nikabaki.

Mama kasema kwenye simu anatamani kuisikia tena, mara moja tu, wimbo wowote. Nikamwambia aniachie mimi.

Dada yangu ni seremala, nusu ya vitanda vya mtaa huu ni kazi yake, na hasahau kutukumbusha. Akajitolea kuchonga uso mpya. Nikakataa! Basi akanipa kipande cha ubao alichokikausha miaka mingi stoo, pamoja na masharti: unene katikati milimita tano, ukingoni tatu, na kila nikikwangua nipime. Akaniachia na kipimo. Nikamshukuru kwa meno tu.

Jumanne, 4 Machi

Patasi, randa ndogo, jasho. Upande wa nje umetoka na mgongo mzuri, kama kiganja kilichokunjwa kidogo. Nimejipongeza kwa vikombe viwili vya chai.

Sasa upande wa ndani: kukwangua hadi uwe mwembamba. Kupima kunachosha. Kila ukipima, kipimo kinakusuta. Mafundi wa kweli hugonga kwa kidole na kusikiliza. Bahati mbaya sikio langu haliijui sauti nzuri hata ikilipigia hodi. Nikaenda kwa jirani wa kushoto, mwalimu wa kwaya mstaafu, nikamwomba aje anisikilizie. Akasema ana mafua, akafunga mlango. Kiburi!

Nikagonga peke yangu. Ngo, ngo, ngo. Mara nyuma ya ukuta, sauti yake: Punguza! Nikaganda. Kumbe ananisikiliza! Hataki tu watu wajue anafundisha bure. Nikakwangua, nikagonga. Punguza! Sikio la dhahabu lile.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya neema. Nagonga, Mwalimu anasema punguza, napunguza. Kabla ya chakula cha mchana nimeambiwa mara kumi na moja.

Dada kapita, kauliza kama napima. Nikamwambia natumia njia ya kitaalamu zaidi. Akanitazama kama mtu anayetazama maziwa yaliyo karibu kufurika, akaenda zake. Wivu.

Alasiri Mwalimu kasema: Punguza, tafadhali! Nimeipenda ile tafadhali. Heshima ya fundi kwa fundi. Nimeuinua uso dirishani: mwanga unapita! Nimeviona vidole vyangu upande wa pili. Sijawahi kutengeneza kitu chembamba hivi.

Alhamisi, 6 Machi

Ngo, ngo, kidole kikapita.

Nimekaa nikikitazama, kipo upande wa pili wa kazi ya siku mbili. Hakijaumia. Kilichoumia ni moyo. Ubao ulikuwa mmoja na Mama anakuja keshokutwa. Nikatoka mbio kumlaumu Mwalimu. Akaja juu: siku tatu kichwa kinamuuma, siku tatu ananiomba nipunguze kelele. Kelele! Si angemalizia sentensi.

Nimelia kidogo jikoni. Si kidogo sana.

Nikampigia Mama, nikaungama yote, na paka humohumo. Akacheka mpaka akakohoa. Kasema hakuna paka mwenye makalio ya ukubwa ule, alijua tangu siku ya kwanza. Paka alihamishwa kwa wizi wake mwenyewe wa samaki. Miaka minne alikuwa akingoja tu nimwambie. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka moto. Nimeapa: uongo basi, na kudandia maneno ya watu nusunusu basi.

Ijumaa, 7 Machi

Dada kaja na uso mwingine, umekamilika, mwembamba panapotakiwa. Kumbe ubao aliupasua vipande viwili, na hiki cha pili alianza kukichonga Jumatatu ileile, mimi hata kona sijakata. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ananijua.

Kaupaka gundi, kaubandika, kaubana. Kazi yangu ilikuwa kushika kopo la gundi. Nimelishika vizuri.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi Dada kaweka nyuzi nane, zote zimelegea. Kanionya: gundi bado changa, nisiguse kitu hadi arudi na Mama kutoka stendi, atazikaza mwenyewe taratibu. Nikakubali. Nikakaa mbali nayo, kwenye kiti nilichokikagua kwanza.

Saa nne, sauti kutoka upande wa kulia, kwa jirani anayefundisha kina mama mazoezi ya viungo uani kwake: Kaza! Nikageuka. Kaza, usilegeze! Huyu haumwi kichwa, na sentensi zake anazimalizia. Nikazungusha kikazio kimoja. Kaza tena, unaweza! Hakuna mtu aliyewahi kuniambia naweza. Nikakaza zote.

Pa! Pa! Nyuzi mbili zimekatika, na kile kibao kidogo kinachozibeba kimerukia chini ya kabati. Uso aliouchonga Dada uko mzima, namshukuru Mungu. Naandika haraka. Getini namsikia Mama akicheka na Dada, anauliza iko wapi hiyo mandolini.

Paka wa jirani amekaa dirishani, ananitazama. Nimemfungulia.