Kapteni Bakya Akosa Adui

Kalbo kinyozi, ambaye kichwani kwake hakuna unywele hata mmoja wa kushuhudia kazi yake, huanza kusoma vitabu vya katuni kwa ukurasa wa nyuma. Anasema mbele kuna uongo na nyuma kuna matangazo. Jumamosi hiyo asubuhi alichomoa toleo jipya kwenye kamba ambayo Aling Puring, mwenye duka la kahawa, hutundikia vitabu vya kukodisha kwa vibanio vya nguo, lakini hakukaa. Alisimama pale pale mbele ya duka, kahawa mkononi, akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba:

"Kwa wasomaji wetu wapendwa. Barua zenu kuhusu Kapteni Bakya zimekatika kabisa tangu kufariki kwa adui yake, Don Alupihan. Kwa hiyo hadithi itafungwa mwisho wa mwezi. Nafasi yake itachukuliwa na mapishi."

Benchi zima la wanywa kahawa likamgeukia Mang Ising.

Mang Ising ndiye anayemwandika Kapteni Bakya, shujaa anayegonganisha mitalawanda yake ya mbao, yaani bakya, na kupaa juu ya Manila yote. Benchi linamwita Nobela, maana anaandika hadithi sita kwa mpigo kwenye taipureta moja. Tano ni za mapenzi, na hizo huziandika huku anapiga miayo. Ya sita ni Kapteni, mwaka wa kumi na mbili sasa, na anampenda kama mtoto wa mwisho. Mhariri alikuwa amemwambia jana kwenye simu: leta adui mpya Jumatatu, na barua zirudi, la sivyo tuagane.

"Mapishi?" Sarhento alifoka. Huyu ni mlinzi wa benki, miaka ishirini na bunduki ambayo haijawahi kupiga hata chupa. "Mtu aliyeziba volkano kwa kisigino, nafasi yake yapewe maharage?"

"Si amejitakia mwenyewe!" Kalbo akamnyooshea Nobela kitabu. "Don Alupihan, tandu wa miguu mia, kachoma miji mitatu, halafu unamuua hospitalini! Anakohoa mara tatu, anaomba supu ya kuku, anakata roho. Hata kofi hajapigwa, pare!"

"Ile ni sanaa," alisema Mang Ising. "Nilitaka watu wafikiri."

"Wamefikiri. Wameacha kuandika barua."

"Kwani wewe uliwahi kuandika?"

"Mimi? Na hii mikono ya kunyolea watu?"

Sanaa haikuwepo. Ukweli, ambao Mang Ising hakuwahi kumwambia hata mkewe, ni kwamba Alhamisi ile alikuwa na hadithi sita za kukabidhi na bahasha sita mezani, akachanganya kurasa. Kifo cha hospitali kilikuwa cha mjomba tajiri kwenye hadithi ya mapenzi. Mchoraji wake haulizi maswali, akamlaza tandu kitandani na kumfunika shuka mpaka kidevuni. Yule mjomba naye alitoroka kupitia paa la hospitali akiwa amekumbatia bomu, na wasomaji wa mapenzi walimfurahia mno.

"Tatizo dogo hilo," Sarhento alisema. "Tumtafutie adui mwingine. Nobela, toa daftari."

Mang Ising alilitoa kana kwamba anatafuta leso.

"Adui sharti awe kinyume cha stelingi," Kalbo alianza. "Kapteni ana misuli, huyu awe na akili. Kapteni anaruka, huyu hata ngazi hapandi. Anakaa tu kwenye kiti na paka, anawaza."

"Umechemka. Kinyume si adui, ni jirani tu. Adui wa kweli ni yule mliyefanana." Sarhento alijiweka sawa. "Mwizi wa benki na mimi tuna tofauti gani? Wote tunakesha. Wote tunaujua ule mlango kuliko meneja. Wote tunawaza siku nzima utafunguliwaje. Yeye anawaza kwa ubaya, mimi kwa mshahara."

"Na kwa huo mshahara wako, ipo siku mtabadilishana zamu," alisema Kalbo, na benchi likacheka mpaka kahawa zikamwagika.

Aling Puring alitoka dukani na birika. "Nyie mnasema watu msiowajua. Adui ni aliyekula kwako. Mtazame shemeji yangu pale ng'ambo. Nimemfundisha mimi hii biashara! Leo ana kamba ndefu kuliko yangu na vibanio vya plastiki. Nikishusha bei ya kahawa, yeye anaongeza sukari."

"Kwa hiyo wewe ndiye stelingi, Aling Puring?"

"Ukiwa hapa, ndiyo. Ukivuka barabara, adui ni mimi. Na usivuke."

"Mimi namjua mwingine," Kalbo akadakia. "Adui anayefugwa. Kapteni wa mtaa wetu na ule mtaro unaonuka. Kila uchaguzi anasimama jukwaani anautukana. Siku ukizibuliwa atagombea na nini? Ule mtaro ndio unampa kura!"

Mang Ising aliandika yote: kinyume, pacha, aliyekula kwako, anayefugwa. Aliyatazama maneno hayo na moyo ukazidi kuzama. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na miguu mia. Alimmisi yule tandu, na aliona haya kummisi.

Mwisho wa benchi kulikuwa na gazeti lililofunguliwa, na nyuma yake Maestro, mwalimu mstaafu wa jiografia. Siku zote huyu ndiye wa kwanza kusema. Miaka kumi na mbili amekuwa akimdaka Mang Ising hapa hapa mbele za watu: mwezi mpevu mara mbili ndani ya wiki, mto unaopanda mlima, ua jekundu la bakya la kushoto kuchorwa kwenye la kulia. Mang Ising aliwahi kuhama benchi miezi miwili kwa ajili yake. Leo alikuwa kimya, na ukimya ule ulimchoma Nobela kuliko dharau.

"Furahi basi, Maestro," alimtupia. "Umeshinda. Kapteni wako wa makosa ndiye huyo anakwenda."

Gazeti lilishuka. "Nifurahi? Mimi nimefiwa."

"Na nani?"

"Na Don Alupihan. Miaka kumi na mbili, bwana. Halafu unamuua na supu."

Aling Puring, aliyekuwa anamjazia Maestro kahawa, akadakia bila nia yoyote. "Ndiyo maana hununui bahasha siku hizi? Zamani ilikuwa dazeni kila Jumatatu. Hizi zimenidodea, zinaingia unyevu."

Maestro alirudisha gazeti juu haraka sana.

"Dazeni?" Mang Ising aliuliza polepole. "Mimi nilikuwa napata barua kumi na mbili kwa wiki. Wiki zote."

"Sadfa," lilisema gazeti.

"Na yule Baharia wa Batangas anayeniandikia?"

Gazeti lilipanda juu zaidi.

"Sista Klara wa watawa? Fundi Saa wa Cebu? Mjane wa Iloilo?"

"Mjane hajambo," Maestro alisema kwa sauti ndogo. "Mvua hizi zinamsumbua magoti."

Kalbo alikaa chini bila kuangalia kama benchi lipo. Barua za Mjane wa Iloilo Mang Ising alikuwa amezibandika ukutani juu ya taipureta. Moja alitembea nayo mfukoni. Hakuwahi hata siku moja kutazama muhuri wa posta, ambao ungemwambia kwamba Iloilo ni hapa hapa, hatua arobaini kutoka kwake.

"Mwanaharamu wewe," alisema. "Kwa nini?"

"Mwanzoni niliandika kwa jina langu. Mhariri akazitupa. Barua moja ya mwalimu mstaafu ni kero, pare. Kumi na mbili ni umma." Maestro alilikunja gazeti vizuri. "Na umma lazima ugombane. Baharia akikutukana, Mjane anakutetea, Sista Klara anawaombea wote wawili. Nilikuwa nakesha."

"Na yote hayo kunikosoa tu?"

"Nani angesoma kwa makini namna ile mtu asiyempenda?" Alilisema kwa hasira, halafu akaona amelisema. "Wale kumi na mmoja niliwatunga. Mjane sikumtunga. Huyo ni mimi mwenyewe, nilikuwa naandika tu ya moyoni."

Hapo Sarhento akageuka kutazama barabara ambayo haikuwa na kitu. Mang Ising aliimeza hasira yake pamoja na kahawa iliyopoa. Akasema lile alilolificha: kurasa, bahasha, mjomba, bomu. Alilisema lote mbele yao.

"Nilijua," Maestro alisema. "Don Alupihan hapendi kuku."

"Ziandike tena, Maestro. Nakuomba. Bila hizo barua Kapteni anakufa."

"Mfufue kwanza."

"Kaombolezwa kurasa mbili nzima! Nitamfufuaje?"

Maestro alivaa miwani. Alitoa kwenye mfuko wa shati ukurasa wa kile kifo, umekunjwa mara nne. "Hesabu miguu shukani. Nimehesabu mara tatu. Tisini na tisa."

"Mchoraji kasahau."

"Mchoraji kasahau, mimi sikusahau. Mguu wa mia uko wapi? Sasa nenda toleo la mia mbili na kumi na nne. Kapteni anadondosha bakya la kushoto mtoni. Toleo lililofuata analo tena mguuni kama hakuwahi kulidondosha. Baharia alikuuliza, ukamjibu kwenye safu ya wasomaji kwamba amelewa."

Mang Ising alisimama. Kalbo naye akasimama, ingawa hakuambiwa.

"Mguu wa mia," Nobela alisema, "umo ndani ya lile bakya, na mwenye mguu bado yu hai."

"Umo tangu siku ile," alisema Maestro. "Wana jozi moja, wamegawana. Kuanzia sasa mmoja hawezi kupaa bila mwenzake."

Daftari likajaa pale pale, penseli ikakatika, Kalbo akatoa wembe wa kuichongea. Aling Puring aliingia ndani akarudi na bahasha, akazipanguza unyevu kwa kanga ya kiunoni. Maestro alizihesabu dazeni nzima.

"Na Mjane?" Mang Ising aliuliza, akijifanya anatafuta kofia.

"Ataandika. Lakini ziondoe ukutani, mkeo ataniua."

Nobela alikuwa ameshafika kona pale Maestro aliposimama juu ya benchi na kupiga kelele mtaa mzima usikie: "Na ua jekundu liko kwenye la kushoto! Lililopotea! La Kapteni halina ua, umesikia wewe?"

Mang Ising alipunga mkono bila kugeuka. Nyumbani aliweka karatasi kwenye taipureta na kuandika maelekezo kwa mchoraji: Kapteni amesimama ukingoni mwa mto, mguu mmoja hauna kitu, wa pili una bakya lake lililobaki. Lina ua jekundu.

Aliisoma ile sentensi ya mwisho mara mbili. Kisha akaipigia mstari chini yake, mchoraji asije akajitia kuisahihisha na Baharia akakosa la kuandika.