Maana Saba Nilizobambikiwa

Kwako Ndugu Mhariri Mkuu wa Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, na kwa jopo lako zima linalokaa mezani kugawa maana,

KUH: OMBI LA KUONDOLEWA MAANA SABA KATIKA NENO “BLIND”

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, miwani ikiwa imekaa sawa puani. Mimi afya ninayo, ila nimeudhika.

Kwanza unijue. Mimi ni fundi magodoro. Macho yangu yaliniaga nikiwa mtoto, na tangu hapo hatujaandikiana. Nilianza kazi kwa kushindilia mabaki ya vitambaa vya mafundi cherehani ndani ya foronya na kuyaita mito. Leo nina duka lenye milango miwili, kisu cha sponji ambacho hakishikwi na mtu mwingine, na wateja wanaokuja wakishika kiuno na kurudi kunisalimia wakiwa wamenyooka. Barua hii naipiga taipu mwenyewe. Ukikuta mstari mweupe, ujue utepe umekauka na sikuambiwa.

Dukani kwangu kuna kanuni moja tu: hanunui mtu godoro mpaka afungwe kitambaa cheusi machoni. Si uchawi. Mtu wa macho akiingia hukimbilia maua. Atakwambia, “Nataka lile lenye waridi,” utadhani mgongo wake unanusa. Lakini mfunge kitambaa, mlaze, mwache ageukie ubavu huu na huu, ndipo ataanza kusema kweli: hili linanimeza, hili linanisukuma, hili lina bonde katikati. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Wahenga hawakuuza magodoro.

Sasa kisa chenyewe. Binti yangu wa pekee amechumbiwa na fundi wa friji, kijana mpole, mikono yake baridi kidogo lakini hilo ni la kazi. Wakwe walipokuja kupanga siku ya ndoa, niliwaandalia jambo la heshima: wachague wenyewe godoro nitakalowapa maharusi. Niliyatandaza manne sebuleni, futi tano kwa sita, mawili ya inchi nane na mawili ya inchi kumi. Alikuja kijana mwenyewe na baba yake, mtu mwenye mwili wake na kicheko cha chini chini. Alikuja na mdogo wa baba huyo, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, ambaye ukoo wote humwita Mzee Nukta kwa sababu akimaliza sentensi husema “nukta”, na akimaliza kikombe cha chai husema “nukta”. Upande wetu tulikuwa mimi, binti, na dada yangu mkubwa, shangazi wa binti, ambaye tangu mke wangu afariki ndiye anayeongoza nyumba kwa mkono mmoja na kwa ulimi mzima.

Mzee Nukta alijitolea kuanza. Tukamfunga kitambaa. Akapapasa godoro la kwanza, akasema gumu. La pili, akasema afadhali. Kisha akapoteza mwelekeo, akaliruka la tatu, akafika kwenye kochi alikoketi kaka yake, akamwekea viganja viwili tumboni. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, kwa makini ya daktari, halafu akatangaza: “Hili hapana. Laini mno, lina joto, na limeshaanza kushuka upande mmoja. Nukta.”

Shangazi akauliza, “Na ni la inchi ngapi hilo, mwalimu?”

Tulicheka, Ndugu Mhariri. Kijana alicheka, baba yake alicheka, na naambiwa tumbo liliendelea kucheka baada ya mwenyewe kunyamaza. Mimi nilicheka mpaka nikatafuta godoro la kuangukia. Lakini haya nayataja kwa ajili ya ukamilifu tu. Hayahusiani na malalamiko yangu.

Kinachohusika ni kilichofuata. Mzee Nukta alivua kitambaa, akafungua mkoba, akatoa kamusi yenu, akasoma kwa sauti ya darasani maana zote nane za neno “blind”, pamoja na asili yake. Akakifunga kitabu, pa! Akasema, “Kabla kijana wetu hajaoa katika nyumba ya namna hii, inabidi tukae tufikiri.” Wakaondoka na chai ikiwa bado ina moshi. Siku ya ndoa haijapangwa hadi leo. Binti yangu, ambaye zamani alikuwa akifua anaimba, sasa anafua tu. Hesabu ni nyepesi: kabla ya kamusi tulikuwa na ndoa, baada ya kamusi hatuna. Kwa hiyo nawasilisha malalamiko kama ifuatavyo.

1. Maana ya kwanza, “asiyeona”. Hii naikubali. Ni yangu kihalali na nimeitolea jasho. Mngeishia hapo, leo ningekuwa nakuandikia kukualika harusini.

2. Maana ya pili, “asiyetambua jambo lililo wazi”. Huu ni uzushi. Mimi humtambua mteja kwa viatu vyake akiwa bado uchochoroni. Sponji iliyochakachuliwa naijua kwa kuigonga kwa kidole. Halijazaliwa jambo la wazi likanipita. Maana hii naomba ihamishiwe kwa wenye macho, ambao kila siku wanaugonga mlango wangu wa kioo kwa paji la uso, na mlango wenyewe umeandikwa SUKUMA.

3. Maana ya tatu, “bila kufikiri”, kama vile hasira, imani na utii. Ndugu Mhariri, mtu asiyeona akikosa kufikiri mara moja, yuko mtaroni. Sisi kila hatua ni mtihani. Anayevuka barabara huku akiichekea simu ni nani? Si mimi. Mimi simu yangu huniongelesha, na nikivuka naiambia inyamaze.

4. Maana ya nne ni uchochoro usiotokea kokote, na ya saba ni kona isiyoonyesha gari linalokuja. Hizi nimezifunga furushi moja kwa kuwa zote ni udongo. Uchochoro haujawahi kuwa na macho, umeyapoteza lini? Na kona, kama kosa lake ni kuficha gari la mtu, basi jina lake ni mwizi. Mwiteni hivyo.

5. Maana ya sita, ulevi wa kupindukia. Hapa nilisimama nikakaa tena. Mlevi huona taa mbili palipo na taa moja. Huona milango miwili, na mara nyingine wake wawili, akamwomba radhi asiyekuwepo. Huyo ana ziada! Inakuwaje mwenye ziada agawiwe neno la waliopungukiwa? Kwa hesabu yoyote ile, huyo ni wa kukatwa, si wa kuongezewa.

6. Maana ya tano, “pazia la dirishani”. Wahenga walisema macho hayana pazia. Nyinyi mmegeuza, mkalipatia pazia neno la wasio na macho. Mimi chumbani kwangu sikuwahi kutaka pazia. Dada yangu ndiye aliyelitundika, akisema, “Majirani wanakuona unavyovaa.” Nikamjibu kwamba hiyo ni shida ya majirani.

7. Maana ya nane, “miadi ya mapenzi na mtu usiyewahi kumwona”. Kwa kipimo chenu, ndoa yangu nzima ilikuwa miadi. Nilimwoa mama wa binti yangu bila kumwona, nikaishi naye bila kumwona, nikamzika bila kumwona, na hadi leo nikisikia ufunguo ukizungushwa taratibu mlangoni, moyo hunyanyuka kabla akili haijaukumbusha. Mnasema hiyo ni bahati nasibu. Haya, mimi nilishinda. Hii ifutwe kwa heshima ya marehemu.

8. Asili ya neno. Mmeandika kwamba “huenda” limetokana na mzizi wa kale wenye maana ya kuchanganya, kuvuruga na kutia utusitusi. Huenda! Mteja akiniuliza godoro hili ni la inchi ngapi, nikamjibu “huenda nane,” ataita polisi. Na kuhusu kuchanganya, njoo dukani. Pamba iko mkono wa kulia, sufi kwenye magunia ya nyuma, sponji ngumu juu, laini chini, na sindano zangu zimelala kwa kimo kama wanafunzi mstarini. Aliyewahi kuzichanganya ni kibarua mwenye macho mawili mazuri, nasikia mpaka wasichana walikuwa wakiyasifia. Alikaa wiki moja.

Usinijibu kwamba na sisi Waswahili tunasema mapenzi ni kipofu, na kwamba kwenye nchi ya vipofu mwenye chongo ni mfalme. Hayo ni mambo ya ndani ya nyumba na nitayashughulikia nikimaliza na nyinyi. Ila kuhusu huo ufalme, sijakutana na mwenye chongo yeyote anayejua kupima sponji.

Ukijumlisha, utaona kwamba mimi ni mmiliki wa sehemu moja ya nane ya neno langu mwenyewe. Sehemu saba wamekaa wapangaji ambao sikuwakaribisha: mlevi, pazia, kona, uchochoro na jamaa zao. Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu:

Kwanza, maana hizo saba zitolewe upesi, na nakala iliyosahihishwa ipelekwe kwa Mzee Nukta ikiwa na muhuri, ili ndoa ya binti yangu irudi pale ilipokuwa.

Ikishindikana, basi haki iwe sawa kwa sawa. Neno la mwenye macho nalo lipewe maana saba. Nimeanza kuwasaidia: “mwenye macho, 1. anayeona. 2. anayenunua godoro kwa maua. 3. anayetafuta miwani aliyoivaa. 4. umeme ukikatika, anayesimama katikati ya chumba akiita watu.” Zilizobaki nitazileta mkinijibu.

Ikishindikana na hilo, jopo lote lije dukani kwangu, lifungwe vitambaa, liandike upya kamusi kwa kupapasa, kuanzia A. Mito ipo. Atakayeshika kisu changu atafute kazi nyingine.

Na mpaka hapo haki itakapopatikana, nakala zote za kamusi yenu zishonwe pande tatu kwa uzi wa godoro, zisifunguke. Sindano nitazitoa mimi, na kazi nitaisimamia mwenyewe, kwa kuwa mshono wa mtu wa macho naujua, huwa unapendeza kisha unafumuka.

Nisalimie jopo zima, mpiga chapa, mfagiaji wa ofisi na mlinzi wa getini. Msalimie kwa namna ya pekee yule aliyeiandika maana ya sita. Nahisi aliiandika kwa uzoefu. Shangazi naye anakusalimu, ingawa alichosema hasa sikukiandika.

Ni mimi niliyeudhika kwa adabu zote,

Fundi Magodoro,
asiyeona, kwa maana ya kwanza pekee.

Tanbihi: Bahasha nilikuwa nimeshailamba nilipovisikia viatu vya Mzee Nukta uchochoroni. Alikuja peke yake. Alisimama, akakohoa, akasema kamusi haihusiki hata chembe. Aliitoa kwa hasira tu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Kilichomuuma ni kwamba alidhalilika mbele ya kijana ambaye yeye ndiye alimfundisha kusoma, na mimi mwenye nyumba nikacheka mpaka mwisho, wala sikumwambia pole. Nikamwita binti kuthibitisha. Binti akasema, “Baba, nimekwambia tangu siku ile kwamba mzee wa watu amenuna. Shangazi amekwambia. Hata muuza mkaa alikwambia.” Mimi nilidhani ni ukali wa kawaida wa walimu. Nikamwomba radhi. Akasema, “Yameisha. Nukta.” Akajilaza kwenye godoro moja la inchi kumi bila kufungwa kitambaa, akafumba macho mwenyewe, akakoroma. Alipoamka tukapanga siku ya ndoa.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, tafadhali usifute kitu. Jioni hii wakwe wamerudi, tumeketi wote, na maana zenu tumezigawana. Ya pili nimeichukua mimi bila kupigiwa kura. Ile ya hasira ni ya Mzee Nukta. Ya ulevi baba wa kijana ameiomba kwa siku ya harusi tu, atairudisha asubuhi. Kona amepewa shangazi, kwa kuwa hujui kinachokuja mpaka kikugonge. Uchochoro ni huu wa dukani kwangu, hautokei kokote. Pazia litatundikwa chumbani kwa maharusi. Ilipotajwa ile ya miadi, binti na mchumba wake walikohoa kwa pamoja, kikohozi cha watu wawili wanaojua jambo moja, nami nikaipitisha bila kuuliza. Maana zimeenea ukoo mzima na kila mtu ameridhika, isipokuwa Mzee Nukta, ambaye anadai baba mdogo hupewa mbili. Kama mnayo ya tisa, ileteni upesi kabla hajanuna tena.