Fundi Saa Aliyevua Kofia

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nimeitazama tena ile filamu ya zamani, nyeusi na nyeupe. Mara ya saba! Fundi saa anampenda muuza glavu. Kila jioni anapita dukani kwake, anavua kofia, anasimama, anaondoka. Hasemi neno. Na mwanamke anaelewa kila kitu! Hapa Mpanda hakuna anayeijua. Pelagia wa masijala ofisini kwetu akiiona, naye ataelewa. Sitahitaji kufungua mdomo.

Jumanne, 10 Juni
Nimemwendea Stanslaus, mwenye banda la video Kashaulili. Filamu zote anazitafsiri mwenyewe kwa kipaza sauti. Akauliza nani anapigwa. Hakuna. Nani anakufa? Hakuna. "Sasa braza, watu waje kuangalia kofia?" Amekubali tu kwa kuwa Jumamosi hakuna mechi. Nimemwandikia tafsiri, kurasa kumi na nne. "Hapa nyamaza" nimeipigia mstari kila mahali.

Alhamisi, 12 Juni
Kumwalika Pelagia ana kwa ana? Siwezi. Nimeandika dokezo bila jina, nikalitia kwenye faili lililo mezani kwake: "Unaombwa kuhudhuria filamu, banda la Stanslaus, Jumamosi saa tisa alasiri." Ushahidi hakuna. Akili!

Ijumaa, 13 Juni
Janga. Pelagia ni mtumishi makini. Dokezo kalipa namba, kalipeleka kwa bosi, Mzee Leodgar. Limerudi na saini: "Nimeona. Watumishi wote wahudhurie."

Jumamosi, 14 Juni
Ofisi nzima ilikuja. Mzee Leodgar kakaa kando ya Pelagia. Mimi nyuma ya nguzo. Stanslaus akaanza kutafsiri ngumi zisizokuwepo. Aibu! Kisha ikafika kofia ya mwisho. Mvua inamnyeshea fundi, kavua kofia, na mwanamke dirishani anainua mkono polepole. Stanslaus akashusha kipaza sauti. Mama mmoja akashindwa kuvumilia: "Sema basi baba, unalowa!" Pelagia alilia. Akauliza nani kachagua filamu nzuri hivi. Mzee Leodgar akajibu kwamba yeye hujali sana ustawi wa watumishi. Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Jumatatu, 16 Juni
Pelagia kanifuata mezani. Filamu imemgusa, ila fundi kamuudhi. "Kaka, mtu mzima kuvua kofia mwaka mzima? Si aseme tu! Mimi mtu akisema, namjibu siku hiyohiyo." Akanitazama. Akasubiri. Akasubiri mpaka chai yake ikapoa, akaondoka.
Nimemwelewa kabisa. Nimeanza kutafuta filamu ambayo mwanamume anasema.