Mkato wa Njia ya Mkato

Sogeeni, ninyi watu wa Lumemo, wekeni chini majembe; nanyi wa Mofu, acheni nyavu zikauke zenyewe; na yeyote mwenye chai iliyobaki kikombeni aimalize sasa hivi, kwa maana habari ninayoileta ni nzito na haitaki mtu wa kupuliza chai katikati. Nawasimulia vita vya Katindiuka, ambamo madola mawili huru yalikabiliana uso kwa uso kwa ajili ya ardhi yenye urefu wa hatua arobaini na moja. Nilizipima mwenyewe. Viatu vilikuwa vya kuazima, lakini hatua zilikuwa zangu.

Dola la kwanza lilikuwa la Bi Aurelia, malkia wa vitumbua, mjane wa Eustaki, mwenye goti moja zima na jingine la kubahatisha. Dola la pili lilikuwa la Mzee Kija, bwana wa ng'ombe kumi na wanne, aliyeteremka bondeni kutoka Usukumani miaka mingi iliyopita na kuweka makao jirani na pampu ya maji. Kati ya madola hayo ulisimama mfenesi, na chini yake ilipita njia ya mkato, iliyotoka mlangoni kwa Aurelia, ikakatiza ua wa Kija, ikafika pampuni.

Basi Jumatatu moja ya masika Mzee Kija aliamka na wazo. Akatwaa miti na matawi ya miiba, akaiziba njia upande wake wa mfenesi, apate zizi la ndama. Aurelia akabakiwa na njia ya barabarani, ile inayozunguka na kuvuka mtaro, na mtaro siku hizo ulikuwa umejaa hadi kifuani kwa bata. Goti likakataa. Pasipo maji hapakuwa na vitumbua, na kwa siku mbili Katindiuka yote ilikunywa chai kavu, watu wazima wakisalimiana kwa hasira. Siku ya pili jioni Aurelia alisema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba heri auze karai ahamie kwa bintiye.

Ndipo akainuka Agapiti, mtoto wa kaka yake, fundi baiskeli, mshindi wa daraja la tatu kidato cha nne, mwenye kitabu cha sheria za kimataifa alichoachiwa na binamu yake Omega aliyeko chuo kikuu. Alikuwa amekisoma hadi ukurasa wa thelathini na moja, ambako panya walimtangulia.

Jumatano saa moja asubuhi akasimama mbele ya miiba, shangazi yake nyuma yake na ndoo tupu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kwa amani au kwa mdomo?"

"Kwa mdomo, mzee," akanena Agapiti, akavuta pumzi iliyotosha kujaza tairi. "Ewe Kija, bwana wa pembe ishirini na nane, sikiliza. Madola huru hayana baba wa kuyachapa. Kinachoyafunga ni mkataba uliotiwa saini, na mila iliyozoeleka hadi wote wakaiona ni sheria, na kanuni ambazo kila mstaarabu anazikubali, na mwisho hukumu za mahakama pamoja na maandishi ya wataalamu. Nianze na kipi?"

"Anza na unachokiweza," akasema Kija, akavuta kigoda.

Akaanza na mkataba. Ulikuwa karatasi ya daftari, ulioandikwa na Kija mwenyewe miaka tisa iliyopita na kusainiwa na yeye na marehemu Eustaki, wenye sentensi moja tu: *Njia ni ya wote mpaka mfenesi.* Agapiti akadai kwamba alama ya mkato ilisahaulika baada ya neno "wote": njia ni ya watu wote, na mpaka wa viwanja ni mfenesi. Kija akasema hakusahau kitu: njia ni ya wote hadi kufika mfenesini, kisha basi. Neno moja, mpaka, likasimama kati ya majeshi kama mamluki, likipigana pande zote mbili.

Agapiti akarukia mila: miaka tisa shangazi yake amepita pale kila asubuhi, na mwenyeji kanyamaza. Kija akajibu kwamba mila humfunga aliyenyamaza, naye hakunyamaza hata siku moja. Kila Aurelia alipopita, yeye alikohoa.

"Baba, kile kikohozi ni cha tumbaku," akasema mkewe Paskazia, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, "na tumbaku umeianza mwaka juzi."

Kija akamsihi asiwasaidie wageni katika mambo ya ndani ya nchi. Paskazia akamkumbusha nani hasa anayeyaendesha mambo ya ndani.

Zikaja kanuni za wastaarabu, na Agapiti akataja nia njema. Kija akasema nia yake kwa ndama ni njema mno. Ikabaki silaha ya mwisho, mtaalamu. Agapiti akampigia Omega, akaweka sauti kubwa, akaeleza kisa chote. Omega akasafisha koo kama wanavyosafisha waliosoma, kisha akasema, "Inategemea," na salio likakata.

Jeshi la Agapiti likayumba. Hapo Aurelia akaitua ndoo.

"Shemeji Kija, siku unaiandika hiyo karatasi ulikuwa umekaa wapi?"

"Hapahapa mlangoni kwangu. Eustaki alikaa pale."

"Sawa. Kutoka hapo ulipokaa mpaka mfenesi, ni ua wa nani?"

Kija akautazama mfenesi. Akautazama mlango wake. Ng'ombe mmoja akacheua.

"Basi kwa kusoma kwako wewe, kwako ndiko kwa wote," akasema Aurelia, "na kutoka mfenesi kwenda kwangu ni kwangu peke yangu. Utakuwa unavila wapi vitumbua?"

Paskazia ndiye aliyeanza kucheka. Kija alijikaza, mabega yakamsaliti, akacheka hadi kigoda kikalia. Alipopata pumzi akamnyooshea Agapiti karatasi. "Haya, wakili, weka huo mkato wako. Ila uwe mdogo."

Shujaa akatwaa kalamu, nayo ikagoma. Akaipulizia, akaichora kiganjani, akaisugua kwenye suruali. Kisha, mbele ya madola mawili na ng'ombe kumi na wanne, akaweka baada ya neno "wote" alama isiyozidi mguu wa sisimizi. Pande zote zikatia saini. Kija akaondoa miiba kwa mikono yake, mmoja ukamchoma kidole, na hiyo ndiyo damu pekee iliyomwagika.

Na ijulikane kwa vizazi vyote vya Katindiuka, na kwa madola makubwa pia yakipata nafasi ya kutusikiliza: siku hiyo, saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, ndoo ya lita ishirini ilivuka ua wa Mzee Kija bila kumwagika, na mama aliyeibeba hakuulizwa paspoti.