Utepe Mweusi wa Daktari wa Meno

Bi. Verna Oftedahl,
Barabara ya Kaunti Na. 9,
Kaskazini mwa Minnesota.
9 Mei

Mhariri,
Jarida la Magurudumu Mawili,
Chama cha Wapenda Matrela Makongwe.

Ndugu Mhariri,

YAH: KUONDOLEWA KWA DAKTARI PRUSS PAMOJA NA UTEPE WAKE MWEUSI

Barua njema huanza kwa kuuliza hali. Yako siiulizi, kwa sababu mtu aliyechapisha ukurasa wa saba wa toleo la Aprili hawezi kuwa mzima. Nimeusoma ukurasa huo mara nne, kisha nikautandika chini ya kizimba cha ndege wangu, na ndege amesusa kula.

Humo Daktari Wendell Pruss, katika safu yake ya "Fundi Anajibu," amewaambia wanaokarabati matrela ya zamani ya kulala waachane na utepe wa puti la kijivu wanapofunga madirisha, eti watumie ule utepe mweusi wa mpira unaonata. Puti ameliita "unga unaosubiri kukauka." Unga! Puti hilo ndilo lililofunga madirisha ya trela letu la mwaka 1961 lilipotoka kiwandani. Ndilo baba yangu alilotumia miaka yote aliyotuvuta kwenda ziwani, na ndilo ninalotumia mimi. Sina makuu. Naomba tu Daktari Pruss anyang'anywe safu, utepe mweusi upigwe marufuku, na msamaha uchapishwe ukurasa wa mbele kwa herufi zinazosomeka bila miwani. Sababu zangu ni hizi:

1. Huyu bwana ni daktari wa meno. Simdharau. Ameziba meno ya kaunti nzima kwa miaka thelathini, mawili yakiwa yangu, na moja kati ya hayo lilizibuka nikila mahindi kwenye maonyesho ya Agosti. Sasa mtu ambaye kazi yake ilishindwa na gunzi moja la mahindi ndiye wa kutufundisha kuziba dirisha litakalokokotwa maili mia tatu kwenye mashimo yaliyoachwa na barafu? Debe tupu haliachi kuvuma.

2. Utepe wenyewe ni mchafu. Puti ni kitu cha adabu: unalibandika nyuma ya fremu, unakaza skrubu, la ziada linachomoza pembeni, unalikata kwa kijiti, unafuta, unakwenda kunywa kahawa. Huo mweusi unavutika kama ulimbo, unashika vidole, unashika nywele, unashika mbwa. Aliyeugusa kucha zake zitamsema wiki nzima. Adha ya kucha nyeusi naijua, maana mume wangu Orrin aliwahi kuniharibia taulo mbili nyeupe kwa grisi ya mashine ya kukata nyasi, na nilimsema mpaka akaenda kula chakula chake kibarazani. Hiyo ilikuwa grisi tu. Je, ungekuwa utepe?

3. Nina ushahidi, Daktari Pruss ana maneno. Trela letu lina madirisha matano, na yote niliyafunga kwa puti la kijivu miaka mitatu iliyopita. Dirisha la upande wangu wa kitanda halijawahi kupitisha hata tone. Septemba iliyopita, kwenye mkutano wetu wa Ziwa Tamarack, mvua ilinyesha siku mbili bila kupumua, nami nikalala mkavu kama biskuti. Orrin, aliyelala futi mbili kutoka kwangu, alilowa mpaka soksi, akapata homa ya mapafu, akalazwa siku tano. Wenye haraka watasema dirisha lake nalo lilikuwa na puti. Naam, lilikuwa nalo. Lakini skrubu za dirisha lake alikaza yeye, za langu nilikaza mimi. Asiyejua maana haambiwi maana.

4. Daktari Pruss ameingia ndani ya ndoa yangu. Tangu Aprili Orrin anaisoma safu ile kwa sauti tukiwa mezani asubuhi. "Hebu sikia, bibie," ananiambia, kijiko cha uji kimeganda hewani, "anasema puti likikauka linapasuka, maji yanapenya, mbao zinaoza kimyakimya." Nikamwambia, "Wewe ndiye unayeoza kimyakimya, mzee. Kunywa uji." Hakucheka. Alikiweka kijiko chini akasema, "Verna, mimi mapafu ya kulala bafuni sina tena. Likivuja kwenye mkutano wa Juni hii, trela linakwenda kwa yule bwana wa Duluth, na sitaki mjadala."

Huyo bwana wa Duluth anataka kulitoboa tundu ubavuni auzie donati. Donati, Ndugu Mhariri! Baba yangu alilinunua trela hili nikiwa na miaka sita. Mama alikuwa akitukaangia samaki humo mlango ukiwa wazi, na alama za urefu wetu sisi watoto bado ziko ndani ya mlango wa kabati, kwa penseli. Nililia, wala sioni haya kuandika. Nililia kwenye chumba cha kufulia, nikaiwasha mashine bila nguo ili asinisikie. Yote haya kwa sababu daktari wa meno amekosa la kufanya baada ya kustaafu.

5. Chama chetu humpa tuzo mwenye trela lililobaki kama lilivyotoka kiwandani. Waamuzi nimewaona kwa macho yangu wakipiga magoti kukagua kitasa cha friji, na mwaka juzi walimkata alama Bi. Hedstrom kwa sababu mapazia yake yalikuwa mapya kuliko trela lake, ya mwaka 1964. Sasa iweje mapazia yahukumiwe na kilicho nyuma ya fremu kisamehewe? Napendekeza kuanzia Juni kila dirisha lifunguliwe kwa bisibisi mbele ya waamuzi. Atakayekutwa na utepe mweusi akaegeshe kule vyooni, upande upepo unakoelekea, na chakula cha pamoja asipakuliwe, hata supu ya mchele mwitu ya mke wa Daktari Pruss, ambayo kwa haki ya Mungu ni tamu.

Tena nisikilize vizuri hapa. Matrela ya 1961 yalivuja yakiwa mapya. Baba alitega sufuria chini ya dirisha, nasi tukahesabu matone mpaka usingizi ukatuchukua. Kwa hiyo trela lisilovuja si halisi, na anayelala mkavu akatwe alama kumi. Kuhusu ukavu wangu mimi, nitajieleza kwa waamuzi kwa faragha.

6. Amehitimisha kwa kutuambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ehe! Kana kwamba tulikuwa tumekaa tunamngoja atuambie. Wahenga walisema tuzibe, hawakusema tuzibe kwa lami.

Ombi hili likipuuzwa, najitoa chamani siku hiyohiyo. Nitaondoka na kiti changu cha kukunja, bakuli langu kubwa la nyama na viazi, na wale flamingo kumi na wawili wa plastiki wanaosimama langoni mwa mkutano kila mwaka, ambao watu wengi wanadhani ni mali ya chama. Ni wangu.

Nisalimie mkeo, Bi. Hedstrom na mapazia yake, na kila mwenye dirisha la kijivu. Daktari Pruss mwambie jino la juu kushoto nalo limeanza kucheza.

Ni mimi, ninayelala pakavu,

Verna Oftedahl

Nyongeza: Nilimpa Orrin barua hii akaitie kwenye sanduku la posta pale barabarani. Bahasha sikuwa nimeigundisha. Nikiwa dirishani nilimwona amesimama anaisoma, mabega yanatikisika, nikadhani kikohozi kimerudi. Alirudi nayo mkononi. "Bibie," akasema, "namba tatu itabidi uirekebishe."

Kikulacho ki nguoni mwako. Kiangazi cha mwaka juzi, nilipokwenda kwa dada yangu Wisconsin wiki mbili, Orrin alikuta puti la dirisha langu limeshapasuka. Akalifungua, akalikwangua, akalifunga kwa utepe mweusi. Ile kwenye taulo zangu haikuwa grisi. Sikumwamini. Nilichukua bisibisi nikaenda nje kulegeza skrubu mbili, na ndio huo, mweusi ti, bado unanata kama jana.

Nikamuuliza kwa nini basi hakufunga na la kwake. Akasema alikuwa na kipande kimoja tu, alichopewa na Daktari Pruss siku aliyokwenda kung'olewa jino, na kilitosha dirisha moja. Kwenda kununua zaidi aliogopa, kwa kuwa mwenye duka la vifaa ni binamu yangu. "Sasa ningemfungia nani?" akaniuliza. "Mwenye trela ni wewe." Siku tano alizokaa hospitali hakulitaja, na nilipokuwa nikimlaumu kitandani pale kwa skrubu zake alikuwa akiitikia, "Kweli, Verna, sikukaza."

Barua hii ichapishe kama ilivyo, ila toa namba moja mpaka sita. Flamingo watakuwepo langoni. Daktari Pruss naomba anijibu kabla ya Juni: madirisha manne yanataka utepe mweusi futi ngapi, na je, skrubu zinapaswa kukazwa tena baada ya siku ngapi juani? Tunaanza na dirisha la upande wa Orrin, na safari hii nakaza mimi.