Nani Atawasha Moto wa Nyasi

Jumatatu, 9 Oktoba

Omaha. Baridi. Ardith, kiongozi wetu wa wanaojitolea, katangaza: atakayewazidi wenzake kwa magunia ya mbegu za nyasi kufikia Jumamosi ndiye atakayewasha moto tutakapochoma nyasi kuukuu, Aprili. Moto! Miaka sita nang'oa magugu hapa, sijakabidhiwa hata kiberiti. Mbegu ni za kupanda kwenye kiwanja cha nyuma ya maktaba, yalipokuwa maegesho. Nyasi za asili zirudi, ndege nao warudi. Sawa. Mimi nataka kiberiti.

Jumanne, 10 Oktoba

Nimechuma kwa saa nne nzima. Nyasi zimenipita kichwa, mbegu hazijai kofia. Lorraine Hruska, mwenzetu wa miaka sabini na minane, gunia zima! Kaniuliza kama nachuma au napunga upepo.

Jumatano, 11 Oktoba

Ushindi! Mtaro wa kando ya reli umejaa nyasi ndefu zenye vichwa vya manyoya. Nyasi ni nyasi. Magunia matatu kabla ya chakula cha mchana. Stoo haikuwa na mtu. Nikayamwaga kwenye pipa la wote, nikakoroga vizuri, nikajiandikia ubaoni: Delbert, matatu.

Jumamosi, 14 Oktoba

Nimeongoza! Kwa saa moja.

Ardith katia mkono pipani, katoa manyoya, kayatazama. Kauliza kwa upole nani kaleta matete. Matete ya kigeni! Yakishika ardhi hayatoki, hunyonga kila kitu. Nikasema labda ni upepo.

“Na upepo ukajiandika Delbert?” Lorraine huyo.

Mbegu hazichambuliki. Pipa zima lichomwe, jasho la watu kumi na wawili. Kiwanja cha maktaba hakipandwi mwaka huu. Lorraine kakunja magunia yake matupu, moja moja, kaenda garini. Heri angenitukana.

Nikauliza kama naweza kuliwasha pipa. Hapana.

Jumapili, 15 Oktoba

Adhabu: nikate matete yote mtaroni. Lorraine kaja bila kuitwa, kaanza ng'ambo ya pili. Kasema hakuja kwa ajili yangu, kaja kwa ajili ya nyasi. Baadaye kanipa kolachi, andazi tamu lenye plamu. Nimeguswa. Nikamwahidi kwamba nimebadilika, na nilimaanisha.

Akasema mwakani hawahesabu magunia tena. Ardith atapima mbegu kwa mizani.

Mizani! Mbegu zikilowa huwa nzito.

Nimepitia dukani, nimenunua ndoo.