Mshale wa Njia Panda

Jumatatu, 2 Juni

Daktari amenisikiliza kifua, kisha akamwita binti yangu barazani. Wanadhani masikio nayo yamestaafu. Moyo umechoka, alisema. Tusimwahidi mvua zijazo.

Haya. Nilifundisha jiografia, najua kila mto una mwisho wake. Ila kuna mzigo lazima niutue kwanza.

Kile kibao cha MANDHARI YA KORONGO, pale njia panda kabla ya daraja. Mshale wake ulielekea kulia, ng'ambo ya mto, kwa Shemeji. Mimi ndiye niliyeugeuza ukaelekea kushoto, kwenye kiwanja changu cha wageni, mwendo wa gari kutoka nyumbani. Kwa spana, mchana kweupe. Nilikuwa nimejenga uzio wa kutazamia korongo upande huu, na kibanda, na viti, wala halikuja gari hata moja. Baada ya spana, yakaja. Wapanda milima, wenye mahema, wenye boti za mpira, maharusi wa kupiga picha. Kwa Shemeji majani yakaota barabarani. Dada yangu, mkewe, alifia huko huko sijamwambia.

Nataka Shemeji anisamehe kabla sijafa. Lakini aanze yeye! Siku tuliyomzika dada alisema mbele za watu kwamba maporomoko ya upande wangu yanafanana na bomba lililopasuka. Akiniomba radhi kwa bomba, nitamwomba kwa kibao. Haki ni haki.

Jumanne, 3 Juni

Mpango. Nimemwamuru binti ampigie simu Shemeji, amwambie niko kwenye pumzi za mwisho. Mtu hawezi kumuaga maiti mtarajiwa bila kumwomba radhi kwa habari za bomba. Nikajilaza chali, shuka hadi kidevuni, nikafanya mazoezi ya kukoroma kwa uchungu. Binti akauliza kama nina gesi.

Jibu la Shemeji: pole sana, ila anaezeka banda, hawezi kuliacha wazi. Nijikaze mpaka amalize. Nikishindwa, nimsalimie dada.

Nijikaze! Kana kwamba kufa ni haja ndogo.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeamua kumfuata mwenyewe. Mkwe wangu huendesha wageni korongoni, lakini ameoa hapa juzi juzi na upande wa pili hajawahi kufika. Kwa kiburi sikutaka kumtajia jina la Shemeji. Nikamwambia anipeleke kwenye mandhari, mengine nitamwelekeza njiani.

Barabara ile! Nilikuwa nimeisahau. Imejibana kwenye genge kama mtoto mgongoni. Kona baada ya kona, na chini kabisa mto, mwembamba, wa kijani, na watu ndani ya boti zao kama mbegu zilizomwagwa mferejini. Machozi yakanitoka. Nikausingizia upepo.

Kisha kidonge cha asubuhi kikanichukua.

Nilipozinduka mkwe alikuwa amenifungulia mlango kwa fahari, ananiambia karibu, Baba, tumefika. Mbele yangu uzio wangu. Viti vyangu. Maporomoko yangu! Nikauliza kwa nini hakwenda kulia. Akasema amefuata kibao, na kibao ni cha serikali, hakiwezi kudanganya watu.

Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Vijana wawili wenye mikoba ya safari wakaniomba niwapige picha. Kwenye picha nikawakata vichwa. Nikakaa kuyatazama maporomoko kwa muda mrefu. Naandika hapa, mahali asipoona mtu: yanafanana na bomba.

Jumamosi, 7 Juni

Nimefika! Nilitafuna tangawizi njia nzima nisilale. Pale njia panda nikamwamuru mkwe aende kulia. Akanionyesha kibao. Nikamwambia mimi ni mkubwa kuliko kibao.

Baada ya daraja, majani katikati ya barabara yalikwaruza tumbo la gari. Kila mkwaruzo niliuhisi ubavuni.

Shemeji alikuwa juu ya ngazi. Akaniuliza kama nimechelewa kufa au nimewahi kuja. Tukakaa kwenye benchi, korongo lote miguuni. Hakuna sauti ila mto. Nikangoja aombe radhi. Akamenya chungwa, akanipa nusu. Nikangoja. Pumzi ikaanza kunipungukia, na maneno yakatoka yenyewe: kibao, spana, dada, yote.

Hakuacha hata kutafuna. Akaingia ndani, akarudi na darubini yake kuukuu, akaniwekea machoni. Nikaiona njia panda. Nikaziona hata nati za kibao.

Akasema walinitazama siku ile, yeye na dada, wakipokezana. Waliniona nikidondosha nati na kuitafuta majanini, makalio juu. Dada alicheka mpaka akakaa chini. Shemeji akataka kunifuata na fimbo. Dada akamzuia: mwache kaka yangu, yule akikosa watu atanyauka, sisi tutatosheka na mto. Na wakatosheka. Shemeji asema kimya hiki hakibadilishi na kitu.

Nililia. Safari hii upepo haukuwepo.

Akasema msamaha aliutoa dada zamani, yeye alinitunzia tu. Kaburi lake liko hatua chache kutoka kwenye benchi, kando ya barabara. Nikamwomba nilale pembeni yake. Akakubali, mradi nisipige kelele.

Kuhusu bomba, hakusema neno.

Jumapili, 8 Juni

Nimeamka mwepesi. Nimesamehewa. Roho safi kama sahani.

Kisha nikalifikiria lile kaburi. Majani barabarani. Hapiti mtu. Dada alipenda kimya, mimi sikukiomba. Na je, mtu aliyesamehewa aache kibao kikiendelea kudanganya? Haki ni haki! Mshale lazima urudi kulia. Kwamba magari yote yatapita miguuni pangu, na wageni wataulizana ni nani aliyelala hapa, hilo ni jambo la pembeni tu.

Mkwe amekubali. Akauliza kama Shemeji anajua. Nikamwambia ni zawadi, asiharibu.

Kikwazo ni darubini. Lazima Shemeji aondoke barazani kwake. Nimemwamuru binti apige simu: Baba yuko kwenye pumzi za mwisho. Safari hii amejibu anakuja sasa hivi. Banda limekwisha.

Nimejilaza chali, shuka kidevuni. Kifua leo kinabana kweli.

Njia ya kuja kwangu ni moja tu, nayo inapita njia panda. Hilo nimeliona sasa hivi. Mkwe ameshaondoka na spana, na simu yake iko hapa mezani.

Heri niwe nakufa kweli.